Kamera ya 8K haitakupeleka Łódź

Mwezi uliopita kijana mmoja alikuja kuniona akiwa na kamera mpya ya 6K, yaani yenye pikseli (nukta za picha) takribani 6,000 kwa upana, mkobani. Ili aipate alikuwa ameuza pikipiki iliyokuwa ikimlisha, na hakuja kuuliza namna ya kuitumia, bali alitaka kujua ni chuo gani cha filamu cha Ulaya, kama kile cha Łódź nchini Poland, kitakachomchukua kwa kuwa sasa anamiliki kifaa cha kimataifa. Huyo ni wa tano mwaka huu. Mimi nilisomea sinematografia, yaani upigaji wa picha za filamu, Ulaya ya Kati na kazi yangu iko Dar es Salaam, na kwa kuwa wengi hunionyesha kazi zao kabla ya kutuma maombi, nimeona heri majibu yangu niyaandike mara moja badala ya kuyarudia barazani kila wiki.

Dhana inayonichosha kuliko zote ni kwamba picha ya sinema hutokana na wingi wa pikseli. Kampuni ya Arri ya Munich ilipoitoa kamera yake ya Alexa mwaka 2010, resolushoni yake, yaani wingi wa pikseli, haikufika hata 3K, ilhali kamera ya RED One ya washindani wake ilikuwa imeingia sokoni na 4K tangu mwaka 2007. Kwa hesabu ya wauzaji wa kamera wa Kariakoo, hapo mjadala ungekuwa umekwisha. Lakini Oscar ya sinematografia ya mwaka 2012 ilikwenda kwa Robert Richardson kwa filamu ya Hugo, aliyoipiga kwa Alexa, na miaka kadhaa iliyofuata tuzo hiyo iliendelea kwenda kwa filamu zilizopigwa, zote au kwa sehemu kubwa, kwa kamera za ukoo huohuo.

Sababu yake si fumbo. Kila pikseli ya sensa ya Alexa, kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, ina upana wa mikromita 8.25, kwa hiyo inakusanya mwanga mwingi, chengachenga za picha zinapungua, na sensa inaweza kubeba takribani stopu 14 (kila stopu ni mwanga maradufu) kutoka kwenye giza la uvunguni hadi kwenye weupe wa dirisha. Aliyewahi kupiga picha ndani ya nyumba ya Mji Mkongwe saa sita mchana, mlango ukiwa wazi, anajua thamani ya stopu hizo: ukipima mwanga kwa uso wa bibi aliyeketi ndani, barazani kunaungua, ukipima kwa baraza, bibi anapotea, na hizo 8K zako hazitamrudisha. Kuna pia kina cha rangi. Kamera nyingi za bei nafuu hurekodi kwa biti 8, yaani ngazi 256 kwa kila rangi, wakati biti 10 hutoa ngazi 1,024. Piga anga la magharibi pale Forodhani kwa biti 8, kisha ikoleze rangi kidogo tu wakati wa kusahihisha, nawe utaona mbingu imepigwa mistari kama kikoi.

Nakiri kwamba dhana hii haikuzuka hewani. Netflix ilipoweka sharti la 4K kwa kazi inazoziagiza yenyewe, Alexa ya awali iliachwa nje, na leo Alexa 35, iliyotoka mwaka 2022, ina 4.6K na stopu 17. Hilo, hata hivyo, ni sharti la mnunuzi wa filamu, nalo halihusiani kabisa na ombi la kujiunga na chuo. Anthony Dod Mantle, aliyesoma katika Shule ya Taifa ya Filamu ya Denmark, alipiga sehemu kubwa ya 28 Days Later, filamu ya mwaka 2002, kwa Canon XL1, kamera ya kanda ndogo ambayo resolushoni yake inashindwa na simu iliyo mfukoni mwako. Mwaka 2009 alichukua Oscar kwa filamu nyingine.

Zoezi lililonitesa kuliko yote chuoni halikuhitaji kamera ya maana. Mwalimu aliweka yai jeupe juu ya karatasi nyeupe, akatupa taa moja, akataka yai lionekane lina umbo na karatasi ibaki nyeupe. Nilihangaika tangu asubuhi hadi jioni nikiongeza mwanga, na kila nilipoongeza yai lilizidi kuyeyuka ndani ya karatasi, mpaka nilipoitoa taa mbele, nikaishusha ubavuni karibu na usawa wa meza, na kusimamisha kadi nyeusi upande wa pili ili ukingo wa yai upate uzi mwembamba wa weusi. Kwa yai lile nilijifunza kuangaza ngozi yetu, ambayo haiombi taa kali zaidi, kama wanavyoshikilia mafundi wengi wa seti, bali chanzo kipana, hata shuka jeupe lililoangikwa ubavuni na kupigwa taa, ili shavu na paji la uso viakisi mwanga wake.

Ndiyo maana chuo cha Łódź, kilichoanzishwa mwaka 1948, na FAMU ya Prague, ya mwaka 1946, huomba jalada la picha mnato kutoka kwa anayetaka kusomea kamera. Yule kijana nilimwambia aifunge kamera yake mkobani, aazime yoyote ya kawaida, apige picha 12 za dada yake akikaanga maandazi alfajiri, kwa mwanga wa dirisha na wa moto peke yake.

Dhana nyingine hazinipotezei muda mwingi. Kurekodi kwa logi, ule mtindo wa picha iliyopauka unaopatikana katika kamera nyingi, hakuipi picha sura ya sinema. Ni namna tu ya kuzipanga ngazi za mwanga ndani ya faili, na ukikosea kupima mwanga utapata kijivu chenye chengachenga. Wanaosema seluloidi, ile kanda ya filamu ya zamani, imekufa wajue kwamba bado iko vyuoni, na kwamba roli ya kanda ya futi 400 ya milimita 35 inayokwisha kwa dakika 4 na nusu hivi humfundisha mtu kufikiri kabla ya kubonyeza.

Si kweli pia kwamba Ulaya nzima hufundisha kwa Kiingereza na kwa ada za matajiri tu. La Fémis ya Paris hufundisha kwa Kifaransa na Babelsberg ya Potsdam kwa Kijerumani, na vyote viwili ni vyuo vya umma. NFTS ya Uingereza ni ya Kiingereza, lakini ada yake ni nzito kweli. Mwenye shahada ya kwanza aangalie programu za uzamili za Erasmus Mundus, zinazoendeshwa kwa pamoja na vyuo vya nchi kadhaa, ambazo ufadhili wake hulipa ada pamoja na euro 1,400 kwa mwezi. Tafadhali msinijie wiki moja kabla ya mwisho wa kutuma maombi.

Na shahada haikufanyi mpigapicha mkuu. Nilipohitimu nilibeba visanduku vya lenzi, kisha nikawa mtu wa kupima kwa futi kamba umbali kati ya sensa na jicho la mwigizaji, kwa sababu lenzi ya milimita 85 iliyofunguliwa tundu lake hadi f/1.4, yaani wazi sana, kwa umbali wa mita 2, hukuachia sentimita 4 hivi za fokasi: kope zinashika, sikio limeshapotea.

Kijana wa pikipiki aliniletea picha zake juzi. Tisa zimekosa fokasi, lakini ile ya saba, ambayo moshi wa mafuta unapita mbele ya dirisha na uso wa dada umepata mwanga upande mmoja tu, nimemwambia aiweke ya kwanza katika jalada.