Laini Imerudi, Akaunti Bado Imefungwa: Dhana Potofu Kuhusu Uthibitishaji wa Hatua Mbili

Simu kudondoka ziwani si habari ngeni Mwanza. Inachomoka mfukoni mtu akishuka kwenye boti pale Kirumba, au inaibwa kwenye daladala ya Igoma, na kufikia jioni mwenyewe ameshapata nyingine na kurudisha laini. Anaandika nywila yake bila kukosea hata herufi, kisha akaunti inamwambia alete tarakimu sita ambazo hana. Huo ndio uthibitishaji wa hatua mbili: nywila kwanza, kisha namba ya kuthibitisha kwamba ni wewe. Hapo ndipo ushauri wa mtaani unapoanza kumiminika, na mwingi wake unampoteza zaidi.

"Nikirudisha laini, kila kitu kimerudi"

Dhana hii ndiyo inayowaumiza wengi. Ukienda na namba yako ya NIDA, ukaweka kidole, unapewa laini mpya yenye namba ileile, na akaunti zilizokuwa zinatuma namba za uthibitisho kwa meseji zitafunguka. Kama ulikuwa unatumia programu ya kuzalisha namba, mfano Google Authenticator, laini haihusiki kabisa. Siku ile ulipoelekeza kamera kwenye mraba wenye madoa meusi, akaunti iliipa simu yako siri moja ndefu, na siri hiyo ikabaki ndani ya simu. Simu ikizama, siri imezama nayo. Aprili 2023 Google waliongeza uwezo wa kuhifadhi siri hizo kwenye akaunti yako ya Google, lakini ambaye hakuwahi kuwasha, zake zimo kwenye simu peke yake. Na kama iliyofungwa ni akaunti hiyohiyo ya Google, basi ufunguo umefungiwa chumbani.

WhatsApp nayo ina utaratibu wake. Baada ya tarakimu sita za meseji, inaweza kukuuliza PIN uliyoiweka mwenyewe. Ukiwa umeisahau na hukuweka barua pepe, utasubiri siku 7. Wengi wakiona hivyo hudhani mwizi bado yumo ndani anasoma mazungumzo yao, wakapoteza usingizi bure. Ukishaingiza tarakimu za meseji kwenye simu yako, aliyekuwa akitumia akaunti hiyo kwenye simu nyingine ametolewa hapohapo, hata kama PIN aliiweka yeye.

"Bila bando, namba hazitoki"

Panda boti kwenda Ukerewe, fika mahali ambapo mtandao umekata kabisa, fungua programu yako ya namba. Tarakimu zitabadilika kama kawaida, kwa kuwa hazitumwi na mtu yeyote. Simu inachukua ile siri, inaichanganya na saa ya wakati huo, inapiga hesabu. Upande wa pili, akaunti nayo ina siri hiyohiyo na saa yake, inapiga hesabu ileile. Majibu yakilingana, unaingia. Utaratibu huu ulichapishwa mwaka 2011 kama kiwango cha wazi cha intaneti, na kwa kawaida namba hudumu sekunde 30.

Kwa hiyo kinachoharibu mambo ni saa. Wapo wanaosogeza tarehe ya simu mbele kwa ajili ya gemu, na zipo simu zinazopoteza majira betri ikiisha kabisa. Namba zitaendelea kutoka vizuri, lakini zitakataliwa zote, na mwenye simu ataapa kwamba amedukuliwa. Kabla ya kuhangaika na jambo lingine lolote, nenda kwenye mipangilio, rudisha tarehe na saa ziwe za kujiweka zenyewe, kisha jaribu tena.

"Kuna fundi anafungua"

Hapa kuna ukweli nusu, na nusu hiyo ina thamani kubwa. Fundi mzuri anaweza kukausha simu iliyozama, akabadilisha kioo au betri, ikawaka. Ikiwaka na kumbukumbu yake, siri zako zimo, na akaunti inafunguka bila kumwomba mtu yeyote msaada. Basi usiitupe simu iliyoharibika, na usimruhusu fundi aiflashi, yaani aifute na kuiwekea programu upya, kabla hujamwambia kwamba unachotafuta ni vilivyomo ndani.

Anayesema ataifungua akaunti yenyewe ukimtumia pesa ni tapeli. Hakuna fundi wa Mwanza wala wa Marekani mwenye mlango wa nyuma. Watu hawa huwavizia wanaolalamika hadharani kwenye Facebook, wakachukua pesa "ya usajili," kisha wakaomba zile tarakimu sita zilizokuja kwenye simu yako. Ukiwapa, umewapa akaunti. Meseji zao zipeleke 15040, namba ya kuripoti utapeli ya mitandao ya simu nchini. Piga pia *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, maana anayefanikiwa kurudisha laini yako kwa jina lako atapokea meseji zako zote.

"Nikijaribu sana itakubali"

Kila ukiomba meseji mpya, ile ya kabla yake kwa kawaida inakuwa imekufa, na ukiomba mfululizo unazuiwa kwa muda. Tulia, fikiria ni wapi pengine uliwahi kuingia. Je, kompyuta ya ofisini imebaki wazi? Simu ya zamani aliyopewa mdogo wako? Google wenyewe wanashauri kurejesha akaunti ukitumia kifaa ulichozoea, mahali ulipozoea kuingilia. Mtu aliyekuwa akifungulia akaunti yake Nyegezi miaka yote, kisha akaanza kuirejesha kwa simu ya kuazima akiwa safarini Dar es Salaam, anaonekana mgeni kwa mfumo. Microsoft, ukibadilisha taarifa zako zote za usalama kwa mpigo, wanakusubirisha siku 30. Inauma, lakini muda huo unampa mwenye akaunti halisi nafasi ya kuzuia kama aliyeomba ni mwizi.

"Basi bora niizime"

Usiizime hatua ya pili. Utafiti ambao Google waliutangaza mwaka 2019 ulionyesha kwamba hata namba ya meseji, iliyo dhaifu kuliko njia nyingine za hatua ya pili, ilizuia mashambulizi yote ya roboti, asilimia 96 ya ulaghai unaotumwa kwa watu wengi kwa mpigo na asilimia 76 ya mashambulizi yaliyomlenga mtu mmoja.

Namba ya simu ya zamani nayo iangalie leo. Laini iliyokaa bila kutumika hufungwa, na namba inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine ambaye ataanza kupokea meseji zako. Ibadilishe ukiwa bado uko ndani ya akaunti.

Ukiwa ndani humohumo, chukua namba za akiba, zile zinazokuingiza usipokuwa na simu yako. Google wanatoa 10, kila moja ina tarakimu nane, kila moja inatumika mara moja tu. Mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni ameziandika ukurasa wa mwisho wa daftari lake la madeni, bila jina la akaunti, zimepangwa kama namba za simu za wateja. Aliyotumia anaikata kwa mstari. Naona amefanya vizuri kuliko wanaopiga picha ya skrini na kuiacha kwenye simu ileile inayoweza kuzama. Ukitengeneza orodha mpya, ile ya kwanza haifanyi kazi tena hata namba moja, hivyo karatasi ya zamani ichane siku hiyohiyo.