Baruti haipandi ndege: kusafiri na vifaa vya kujazia risasi

Juzi, saa nne usiku, jamaa yangu wa Houston alinipigia simu akiwa amesimama mbele ya begi lililo wazi. Asubuhi anaruka kwenda Denver, kisha anapanda milimani kuwinda elk, yule kulungu mkubwa wa Marekani. Bunduki imeshafungiwa kwenye sanduku lake, hapo hana shida. Anachouliza ni vitu vingine: kopo la baruti la ratili moja (karibu nusu kilo), trei mbili za fataki, mfuko wa maganda na boksi la vichwa. Mpango wake ni kujazia risasi hukohuko kambini.

"Kaka, risasi si zinaruhusiwa kwenye ndege?"

"Zinaruhusiwa, kwenye mzigo wa chini."

"Basi hizi ni risasi hizohizo, ila sijaziunganisha."

Ukiisikiliza haraka, unaweza kukubali. Kazi yangu ni kupokea na kukagua bidhaa hatarishi zinazokwenda kwa ndege. Nilianza nayo KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, sasa niko Texas, na jioni nina meza yangu ya kujazia risasi kwenye gereji. Hoja hiyo nimeisikia kaunta mara nyingi, kutoka kwa watu wazima wanaotokwa na jasho huku foleni nyuma yao ikinung'unika.

Nadhani Kiswahili nacho kinatuchanganya kidogo. Neno risasi tunalitumia kwa yale madini mazito, kwa kile kinachotoka mdomoni mwa bunduki, na kwa kitu kizima unachokipakia kabla ya kufyatua. Mjazaji hawezi kuongea hivyo. Kwake kuna ganda la shaba nyeupe, fataki inayokaa kwenye kitako cha ganda na kuwasha baruti ikigongwa, baruti inayomiminwa ndani, na kichwa kinachoziba mdomo. (Nikisema fataki simaanishi yule mzee wa matangazo ya redio anayehonga wanafunzi. Hii ni fataki ya asili, wazee wenye magobore wanaijua.) Vitu hivyo vinne vinasafiri kwa masharti yanayotofautiana, na usiposhika hilo utaacha mzigo uwanjani, au utabaki nao mwenyewe.

Kanuni za kimataifa za bidhaa hatarishi zinampa abiria ruhusa nyembamba sana. Anaweza kubeba risasi nzima za matumizi yake mwenyewe, zisizozidi kilo 5 pamoja na maboksi yake, kwenye mzigo wa chini tu, na shirika la ndege liwe limekubali. Vichwa vinavyolipuka au kuwasha moto havimo. Kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ruhusa hiyo inagusa namba mbili tu, UN 0012 na UN 0014. Fataki ina namba yake, UN 0044. Baruti isiyo na moshi mara nyingi ni UN 0161. Hata ganda tupu ambalo umeshalipachika fataki hai lina namba yake, UN 0055. Hizo zote hazimo katika ruhusa ya abiria. Marekani nako TSA, wakala wa usalama wa viwanja vya ndege, inakataa baruti na fataki kwenye begi la mkononi na kwenye mzigo wa chini pia, na haijali kama ni kilo au kijiko.

Wengi hapo hukasirika. Inakuwaje risasi nzima ipite na vipande vyake vikataliwe? Jibu lake ni la kifizikia, na mimi ndilo lililonifanya niache kubishana na kanuni.

Risasi nzima imejifunga yenyewe. Fataki imezama kitakoni, baruti imefungiwa kwa vijigramu, na kila dozi imetengwa na jirani yake kwa ukuta wa ganda. Ikishika moto ikiwa nje ya bunduki, hakuna chemba ya chuma inayolishikilia ganda, kwa hiyo ganda hupasuka mapema na shinikizo hutawanyika. Mara nyingi kinachoruka kwa kasi ni kipande cha ganda, maana ni chepesi, kuliko kichwa chenyewe. Ndiyo maana risasi za kawaida zimewekwa daraja la 1.4S: madhara yake hayatoki nje ya kifurushi kwa kiasi cha kuwazuia wazimamoto wasisogee.

Sasa chukua baruti ileile, ikusanye nusu kilo mahali pamoja. Ukiimwaga chini kidogo na kuiwasha itaungua kwa kasi na moto mkali, basi. Lakini tabia ya baruti isiyo na moshi ni kwamba shinikizo likipanda, nayo huungua haraka zaidi, na kuungua huko huongeza shinikizo tena. Ukiifungia kwenye chombo kigumu umetengeneza bomu. Fataki nazo ni kinyume chake: hazihitaji moto, kugongwa tu kunatosha. Ndani ya kila moja kuna chembe ya kemikali, nyingi zikiwa na lead styphnate, na kazi yake yote ni kulipuka kwa pigo dogo. Trei ya kiwandani inazitenganisha moja moja ili moja ikilipuka isiwaamshe wenzake. Mimina fataki mia kwenye chupa ya vidonge uitikise begini, halafu useme ulikuwa unapunguza nafasi!

Ndiyo sababu huwa nasema: usihamishe kitu kutoka kwenye chombo chake. Kopo la plastiki la baruti limetengenezwa liachie mapema likipata moto. Sanduku la chuma la kijeshi lenye mpira wa kuzuia hewa linapendeza, ila kwa baruti ni chaguo baya kabisa.

Maganda yaliyotumika na kusafishwa, fataki zake zikiwa zimetolewa, na vichwa vitupu, hivyo ni metali tu. Mimi huviweka mzigo wa chini hata hivyo, kwa sababu sitaki kumweleza ofisa wa mashine ya eksirei habari za ujazaji saa kumi na moja alfajiri. Mashine ya kujazia na vipuri vyake navyo viende chini, kwani chombo cha kazi kinachozidi inchi 7 hakipandi na wewe. Na ukague mifuko yote ya begi. Mimi mwenyewe niliwahi kukuta trei ya fataki katika mfuko wa pembeni wa begi ninalokwenda nalo kwenye uwanja wa shabaha, usiku kabla ya safari, mimi ambaye mchana huwafundisha watu jambo hilohilo. Tangu hapo begi la shabaha halisafiri kwa ndege.

Gari ni hadithi nyingine. Kanuni za shirikisho za Marekani kuhusu bidhaa hatarishi zinahusu biashara, na mtu binafsi kwenye gari lake, kwa shughuli zake zisizo za kibiashara, hazimgusi. Lakini majimbo na miji ina sheria zake za moto, na nyingi zimeazima viwango vya NFPA 495, vya chama cha Marekani cha kinga ya moto: hadi ratili 25 za baruti isiyo na moshi katika gari binafsi, na kutoka hapo hadi 50 lazima iwe ndani ya sanduku lenye kuta za mbao za unene wa inchi moja. Mimi sijawahi kufika hata ratili 10. Weka kwenye buti, mbali na jua, fataki upande wake na baruti upande wake, na usiiache gari imefungwa kutwa katika jua la Texas la Agosti.

Sehemu inayonitisha zaidi haina mlipuko wowote. Sheria ya usafirishaji inasema fataki na baruti si risasi. Sheria ya silaha ya shirikisho, kifungu cha 921, inasema ni risasi: ganda, fataki, kichwa na baruti, kila kimoja peke yake. Kopo moja lina majina mawili, kutegemea ofisa gani anakuuliza. Massachusetts nayo imeandika tafsiri kama hiyo katika sheria ya jimbo. Kwa hiyo ukivuka mipaka ya majimbo, kopo la baruti huenda likahesabiwa sawa na boksi la risasi, na ni busara kulifungia buti, nje ya mkono wako, kama unavyoifungia bunduki.

Ndugu zetu mlio Marekani kwa viza ya masomo au ya matembezi, someni hapa mara mbili. Kifungu cha 922 kinamkataza mwenye viza ya muda kumiliki silaha au risasi, isipokuwa aangukie kwenye mojawapo ya misamaha, na unaojulikana zaidi ni kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Kwa tafsiri ile ya kifungu cha 921, trei ya fataki uliyombebea rafiki kwenye gari lako inatosha kukuweka pabaya. Hujashika bunduki, wala huna, lakini una "risasi".

Posta ya Marekani haipokei kabisa risasi, baruti wala fataki. Usijaribu kujitumia mwenyewe kambini. Ukitaka baruti huko uendako, inunue huko, au uiagize kwa muuzaji anayeituma kwa lori kama bidhaa hatarishi na kukutoza ada yake.

Na wanaokuja kuwinda Tanzania? KIA nilimpokea bwana na mkewe waliopanga risasi za kilo 10 kwenye sanduku moja, kila mmoja na kilo zake 5. Hairuhusiwi, mgawo wa watu wawili haufungwi pamoja. Risasi ya kuwindia wanyama wakubwa, aina ya .375 H&H ina uzito wa gramu 40 hivi, kwa hiyo kilo 5 pamoja na maboksi ni risasi mia moja na kidogo, zinazotosha safari nzima. Zijaze nyumbani, uzipange kwenye maboksi yaliyotengenezwa kwa ajili ya risasi, na uulize shirika lako mapema, maana mengine yanadai boksi la kiwandani tu. Baruti usiifikirie. Tanzania ina sheria ya baruti peke yake na ya silaha na risasi peke yake, na hutaki kujieleza mbele ya zote mbili siku moja.

Jamaa yangu aliliacha kopo gerejini na zile trei pia. Denver alinunua boksi mbili za dukani, akalazimika kurekebisha darubini ya bunduki kwa sababu zilikuwa zinapiga chini kuliko zake, na bei ya boksi hizo amenitajia mara nne mpaka sasa.