Soko la hisa la kikanda: kabla hujatoa fedha yako Mwanza

Soko la hisa halina kiingilio. Tunaanza na hili kwa sababu, tangu mazungumzo ya soko moja la hisa la Afrika Mashariki yashike kasi, wapo wakazi wa Kanda ya Ziwa wanaochangishwa fedha za "kuwahi nafasi" katika soko ambalo bado halipo.

Kwa Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994, anayetaka kuuzia umma hisa huidhinishwa kwanza na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA), akiwa na waraka wa matarajio (maelezo rasmi ya kampuni na hisa inazouza), na dalali lazima awe na leseni. Kukiuka ni kosa la jinai. Kampuni binafsi nayo, chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, haizidishi wanahisa 50, ukiacha wafanyakazi wake, wala hairuhusiwi kualika umma. Kutangaza hisa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili kunaweza kuhesabiwa kuwa mwaliko kwa umma, hata ukiandika "kwa marafiki tu". Na hisa za SACCOS haziuzwi soko la hisa.

Mwenye kiwanda cha minofu ya sangara au cha kuchambua pamba anaweza kufaidika kweli kwa kuuza hisa sokoni: mtaji wa hisa hauna rejesho la kila mwezi msimu ukiharibika. Lakini atachapisha hesabu zilizokaguliwa, na washindani watazisoma. Hapo ndipo wengi hurudi nyuma. Dirisha la kampuni zinazokua lipo Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu 2013. Halidai historia ya faida, linadai mshauri mteule, yaani mtaalamu anayeiongoza kampuni kufuata masharti ya soko. Kampuni mpya sokoni iliyouzia umma angalau asilimia 30 ya hisa hutozwa kodi ya mapato ya asilimia 25 badala ya 30 kwa miaka mitatu. Soko la kikanda litaongeza wanunuzi. Vitabu vya hesabu halitakuandikia.

Kwa mwekezaji, shida kubwa ni sarafu. BRVM, soko la hisa la kikanda la Afrika Magharibi lililoko Abidjan, limehudumia nchi nane tangu 1998, zote zikitumia faranga moja. Sisi sarafu ya pamoja imesogezwa hadi 2031. Hisa ya Kampala ikipanda huku shilingi ya Uganda ikishuka, faida inaweza kuyeyuka. Wauza dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba wenye wateja wa nchi jirani hawahitaji kufundishwa hilo. Gawio, yaani faida wanayogawiwa wanahisa, la kampuni iliyoorodheshwa Dar es Salaam hukatwa kodi ya zuio (inayokatwa kabla hujalipwa) ya asilimia 5, isiyoorodheshwa 10. La nje hufuata sheria za huko pia, kwa hiyo uliza kabla ya kununua.

Leo unaweza kununua kupitia dalali mwenye leseni, ukiwa na kitambulisho, akaunti ya benki na akaunti ya CDS, inayotunza hisa zako kielektroniki. Fedha huingia akaunti ya kampuni ya udalali, si namba ya simu ya mtu. Aliyekwisha kulipa "kiingilio" asifute ujumbe wa muamala. Auwasilishe polisi pamoja na jina la aliyepokea.