"Game" ya porini haina wingi

Kila msimu wa wageni unapokaribia, darasa langu la Kiingereza hapa Arusha hujaa waongoza watalii, na kabla sijamaliza kuita majina hujitokeza mmoja wa kunieleza kwamba "game drive" ni kuendesha gari kwa mchezo. Nimelisikia hili hadi masikio yamechoka.

Ni kweli kwamba "game" ni mchezo, lakini katika msamiati wa uwindaji neno hilohilo humaanisha wanyama na ndege wa porini wanaowindwa, na huku kwetu limepanuka hadi kuwahusu wanyamapori wanaotazamwa tu. Maana hizo mbili zina asili moja: Kiingereza cha kale kilikuwa na neno "gamen", yaani furaha au burudani, na kwa kuwa uwindaji ulikuwa burudani ya wakubwa, jina la burudani likamhamia anayefukuzwa. Wala si lazima awe mnyama mkubwa, kwani sheria ya Uingereza ya mwaka 1831 iliwahesabu hata sungura na kwale.

Kosa linaloniudhi kuliko yote ni herufi moja, "s". Mwanafunzi wangu mmoja, dereva anayezijua njia zote za Tarangire, alisimama mbele ya wenzake akaigiza anavyowakaribisha wageni: "Today we will see many games." Nikamwuliza ni mechi za timu gani. Darasa likacheka, yeye hakucheka, na sikumlaumu, kwa sababu alikuwa ameitumia kanuni ya wingi kama alivyofundishwa shuleni. Tatizo ni kwamba "games" ni michezo peke yake, ilhali "game" ya wanyama haihesabiki, kama sisi tusivyohesabu mchanga mmoja, michanga miwili. Husemwa "a lot of game", hata wakiwa nyumbu elfu. Kwa mnyama mmoja nako "a game" haifai. Ushauri wangu, nao sichoki kuurudia, ni kwamba ukiwa garini umtaje mnyama kwa jina lake, pofu awe pofu na ngiri awe ngiri, na neno "game" uliache kwenye ratiba ya safari.

Wapo pia wanaoamini kuwa "game reserve" ni jina jingine la hifadhi ya taifa. Hilo ni pori la akiba, ambamo uwindaji wa kitalii huruhusiwa kwa kibali, jambo lisiloruhusiwa katika hifadhi ya taifa; kwa hiyo sehemu ya Pori la Akiba la Selous ilipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, hakikubadilika kibao cha getini tu.

Kuhusu "big five", hao si wanyama watano wenye miili mikubwa kuliko wengine. Wawindaji waliwateua simba, chui, tembo, kifaru na nyati kwa ugumu na hatari ya kuwawinda kwa miguu, ndiyo maana twiga na kiboko hawamo.

Na mgeni akiulizwa kama yuko tayari kuamka saa 11 alfajiri, akajibu "I'm game", hajajiita mnyama wala hafanyi mzaha: amekubali, na kilichobaki ni kumwambia gari litamsubiri wapi.