Kutokuwa na uhakika katika sayansi ya tabianchi: maana yake

Katika sayansi, kutokuwa na uhakika ni kipimo. Mtafiti anayesema hana uhakika hutaja jibu liko kati ya namba gani na gani, na uwezekano wa kuwa humo ni asilimia ngapi. Kwa hiyo ukisikia "wanasayansi wenyewe hawana uhakika," swali la kwanza ni: kuhusu nini hasa, na kwa kiasi gani?

Chukua swali la kama binadamu ndiye chanzo cha joto kuongezeka. Jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, lililoundwa mwaka 1988, hufunga kila neno la uwezekano kwenye asilimia. Kuhusu ongezeko la joto la tangu katikati ya karne ya 20, mwaka 2001 lilisema uwezekano kwamba sehemu kubwa ilitokana na binadamu unazidi asilimia 66. Mwaka 2007 ikawa zaidi ya 90, na 2013 zaidi ya 95. Mwaka 2021 liliacha asilimia na kuandika kwamba hakuna shaka binadamu amepasha joto anga, bahari na nchi kavu. Gazeti likibeba maneno na kuacha asilimia, msomaji amepunjwa.

Kilichoondoa shaka ni alama kadhaa zinazoelekea upande mmoja. Hewa ya ukaa imepanda kutoka takriban sehemu 280 kwa milioni kabla ya viwanda hadi zaidi ya 420, na kaboni yake ina dalili ya kutoka kwenye mimea ya kale, yaani makaa ya mawe na mafuta. Tena, tabaka la chini la anga linapata joto huku la juu, stratosfia, likipoa. Jua lingekuwa ndilo chanzo, yote mawili yangepata joto.

Shaka ya kweli ipo kwingine: hewa ya ukaa ikiongezeka maradufu, joto litapanda kiasi gani? Mwaka 1979 kamati ya wanasayansi Marekani ilikadiria nyuzi 1.5 hadi 4.5 za Selsiasi. Mwaka 2021 IPCC ilisema 2.5 hadi 4. Miaka arobaini na kitu, na pengo limepungua kwa nusu tu! Wasumbufu wakubwa ni mawingu: ya chini na mazito hurudisha mwanga wa jua, ya juu na mepesi huzuia joto lisitoke, na si rahisi kujua yatabadilikaje. Lakini angalia, sifuri haimo katika kadirio lolote kati ya hayo mawili. Anayeshika ncha ya chini kama faraja anasahau kwamba ya juu nayo ipo.

Kilimanjaro ndiko kosa la kutumia shaka vibaya linakoonekana vizuri zaidi. Barafu yake ilikuwa takriban kilomita za mraba 12 mwaka 1912. Kufikia 2011 ilibaki chini ya 2. Wanaharakati waliifanya picha ya dunia inayopata joto. Watafiti waliofunga vipimo kileleni wakakuta mambo magumu zaidi: hewa kule kwa wastani ni takriban nyuzi 7 chini ya sifuri, na barafu nyingi hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuyeyuka, ikichomwa na jua katika hewa kavu. Kilo moja ikipotea hivyo hutumia nishati takriban mara nane ya kuyeyuka. Upungufu ulianza mwishoni mwa karne ya 19, Afrika Mashariki ilipokauka na theluji mpya ikapungua, kabla gesi za viwandani hazijawa nyingi. Basi kuuliza joto lina mchango gani pale ni shaka halali. Wanaopinga kwamba binadamu ndiye chanzo waliidaka: "mnaona, si binadamu." Hapo walichukua shaka ya mlima mmoja wakaipachika dunia nzima.

Shaka yenye manufaa hukubali kukaguliwa. Miaka ya 1990, takwimu za setilaiti za John Christy na Roy Spencer, wanasayansi wa Alabama, Marekani, zilionyesha anga haijapata joto la maana. Hoja ilikuwa nzito, ikachunguzwa. Mwaka 1998 wenzao walibaini kwamba setilaiti hushuka polepole na kupotosha vipimo. Mwaka 2005 likapatikana kosa katika kusahihisha saa ambayo setilaiti hupita juu ya kila eneo. Masahihisho yalipofanywa, joto likaonekana.

Kwetu, swali ambalo bado ni gumu ni masika. Kuanzia miaka ya 1980 mvua hizo zilipungua kwa miongo kadhaa, ilhali modeli nyingi, yaani hesabu za kompyuta za kukadiria tabianchi, zinatabiri mvua zaidi katika ukanda huu. Anayepanga bwawa au mbegu kwa kutumia modeli moja pekee anacheza kamari. Afadhali ajaribu mpango wake kwa miaka ya ukame na kwa miaka ya mafuriko.