Nukta za shavuni: tunayodhani kuhusu vitabu vya kale vya Superman na wenzake

Kitabu changu cha katuni cha Captain America, shujaa wa Marekani, hakina jalada. Nilikikuta Posta, Dar es Salaam, chini ya lundo la vitabu vya mtumba, pembe moja imeliwa na mchwa. Maandishi madogo chini ya ukurasa wa kwanza yanasema 1976, na mchoraji ni Jack Kirby. Tangu nikinunue, kila anayekiona ana lake la kusema, na mengi ninayoambiwa si kweli. Nayaandika hapa kwa sababu dhana hizi ndizo zinazowafanya watu wapitie kurasa hizi harakaharaka, bila kuona kazi iliyomo.

La kwanza ni "hiki sasa ni pesa ndefu." Chanzo chake ni Action Comics namba 1, toleo la Juni 1938, lililomleta Superman. Liliuzwa senti 10, na mwaka 2024 nakala moja ilipigwa mnada Marekani kwa dola milioni 6. Hilo ni kweli, ila si uzee uliolipandisha bei. Vitabu vya enzi ile watoto walivisoma mpaka vikachanika, na wakati wa Vita Kuu ya Pili vingi vikaenda kwenye makusanyo ya karatasi chakavu, kwa hiyo vilivyobaki vizima ni vichache mno. Linganisha na X-Men namba 1 ya mwaka 1991: zilichapwa nakala zaidi ya milioni 8, watu wakazifungia kabatini wakisubiri utajiri, na leo unaipata kwa dola chache. Changu bila jalada hakina bei mnadani, na sikukinunua ili nikiuze.

La pili ndilo linaloniuma zaidi: "rangi zake mbaya, hawa watu walikuwa bado hawajui kupaka." Chukua kioo cha kukuza, uangalie shavu la Captain America kwa karibu. Huoni rangi ya ngozi hata kidogo. Unaona nukta ndogo nyekundu zimejipanga safu kwa safu juu ya manjano hafifu, na katikati ya nukta karatasi ya gazeti inachungulia. Rudisha kitabu kwenye urefu wa mkono, na jicho lako lenyewe linachanganya. Shavu linapata damu.

Mtambo wa kuchapia ulikuwa na wino wa aina nne tu: buluu, nyekundu inayoelekea waridi, manjano na nyeusi. Kila rangi kati ya zile tatu iliweza kuwekwa kamili, nusu, robo, au isiwekwe kabisa. Piga hesabu, hazizidi rangi 64. Mpaka rangi alipaka mfano kwenye nakala ndogo ya ukurasa, kisha akaandika herufi na namba juu ya kila sehemu, koti hili buluu kamili, ukuta ule manjano na nyekundu robo. Mfano ulipelekwa kiwandani, kwa miaka mingi Bridgeport, Connecticut, ambako wafanyakazi, wengi wao wanawake, walijaza kila kiwango cha rangi kwa mkono juu ya karatasi angavu ya plastiki. Majina yao hayakuandikwa popote kitabuni. Kazi yote hiyo kwa kitabu cha senti kadhaa! Na karatasi yenyewe ilikuwa ya gazeti, inafyonza wino, kwa hiyo mpaka rangi mzuri alichagua rangi akijua zitafifia wapi.

Ushahidi mzuri kuliko wote ni Hulk. Alipotokea Mei 1962 alikuwa wa kijivu. Kijivu ilihitaji rangi kuchanganywa kwa kipimo sawasawa, na mtambo haukuweza: ukurasa huu alitoka mweusi, ule akatoka kijivu hafifu. Toleo la pili wakamfanya wa kijani. Huyo unayemjua leo kwenye sinema, ngozi yake iliamuliwa na mtambo wa kuchapia.

Halafu kuna wanaosema Stan Lee alibuni na kuchora yote. Lee alikuwa mwandishi na mhariri, hakuwa mchoraji. Kampuni aliyoifanyia kazi, Marvel, ilikuwa na utaratibu wake: mara nyingi mchoraji alipewa muhtasari wa hadithi tu, akaupanga mwenyewe kurasa kwa kurasa, nani anapigwa wapi, nani analia, na maneno yakajazwa baadaye. Kirby alifanya kazi hivyo. Baada ya penseli yake alikuja mtu wa kutia wino, kisha wa kuandika maneno kwenye viputo, kisha wa rangi. Ukishajua hivyo unaanza kuwatofautisha. Angalia mikono aliyoichora Steve Ditko katika Spider-Man wa mwanzo, vidole vimejikunja kama vya mcheza ngoma. Angalia zile duara nyeusi zinazochemka ambazo Kirby anazijaza kila anapochora nguvu au anga la mbali.

Malipo yao nayo tunayadhania makubwa. Jerry Siegel na Joe Shuster, waliombuni Superman, waliuza haki zake kwa dola 130. Bill Finger, aliyeshirikiana na Bob Kane kumbuni Batman mwaka 1939, jina lake lilianza kuandikwa rasmi mwaka 2015, na yeye alikufa 1974. Kirby alipigania miaka mingi arudishiwe michoro yake halisi. Mwaka 1987 alipata kurasa kama 2,000 tu kati ya zaidi ya 10,000 alizoichorea kampuni ile.

"Serikali ya Marekani ilivipiga marufuku." Hapana. Baraza la Seneti lilifanya vikao kuhusu vitabu hivi mwaka 1954, wachapishaji wakaogopa wakajiwekea kanuni zao wenyewe.

"Sanaa ya kweli ni ile ya Lichtenstein kule makumbusho." Picha kubwa ya mchoraji huyo wa Marekani, ya ndege ya kivita, Whaam! ya mwaka 1963, iko Tate, London. Chanzo chake ni mchoro mdogo wa Irv Novick kwenye kitabu cha vita cha mwaka 1962. Roy Lichtenstein alikuza hata nukta. Mimi sina ugomvi na picha yake, lakini Novick naye alichora ndege ile akiwa na tarehe ya kuwasilisha na nafasi ndogo kama bahasha, na mlipuko unasikika.

Wengine wananiambia mtu mweusi hakuwa na nafasi humo. Nafasi ilikuwa finyu sana, ila walikuwepo. Matt Baker alichora Phantom Lady kuanzia 1947, kwa mistari laini ambayo wachache walimfikia. Alifariki mwaka 1959 akiwa na miaka 37. Mwaka huohuo wa 1947, huko Philadelphia, mwandishi wa habari Orrin C. Evans alitoa All-Negro Comics, waandishi na wachoraji wote weusi, na shujaa wake Lion Man akafanyia kazi Gold Coast, Ghana ya leo. Toleo la pili halikutoka, kwa sababu Evans hakupata wa kumuuzia karatasi. Na shujaa mweusi Black Panther hakuchukua jina kwa chama cha watu weusi cha Black Panther, cha Oakland, California: yeye alitoka katika toleo la Julai 1966, chama kikaundwa Oktoba.

La mwisho naliandika kwa haraka kabla mtu hajaharibu chake. Usikipige laminesheni. Usizibe palipochanika kwa selotepu. Gundi inageuka kahawia na kuingia kwenye karatasi. Karatasi ya gazeti ina asidi yake, na joto, unyevu na jua vinaiharakisha kuwa njano na kukatika kama biskuti. Mfuko wa poliesta na ubao wa karatasi isiyo na asidi unatosha, sehemu kavu yenye giza. Sisi wa pwani tuziangalie pini pia, zinashika kutu. Changu nimekilaza kabatini chumba cha ndani, mbali na dirisha, na shavu lile bado lina nukta zake zote.