Dawa ya kuzuia damu kuganda inafanya nini kwenye gegedu?

Kila nikisema kwamba heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na jamaa zake zinaweza kulikinga gegedu, ile tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa kwenye maungio, lisilike, naulizwa swali lile lile: wepesi wa damu unahusiana nini na goti? Hauhusiani. Gegedu la mtu mzima halina hata mshipa mmoja wa damu, kwa hiyo jibu liko kwingine.

Gegedu ni nyuzi za kolajeni, protini imara, na katikati yake imejazana agrekani, protini kubwa iliyosheheni minyororo ya sukari yenye salfeti. Minyororo hiyo huvuta maji, ndiyo maana gegedu likibonyezwa hurudi. Kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemia mwilini, kama kukata protini nyingine) ninachokishuku kuliko vyote kwa kuikata agrekani ni ADAMTS-5. Tangu mwaka 2005 tunajua kuwa panya waliokosa kimeng'enya hicho hawaharibikiwi sana na maungio.

Agrekani ikipotea, hasara yake hulipika. Mwaka 1956 Lewis Thomas aliwadunga sungura papaini, kimeng'enya cha utomvu wa papai, masikio yao yakalegea yakaanguka. Baada ya siku chache yakasimama tena. Kolajeni haina bahati hiyo. Kimeng'enya kingine, MMP-13, kikishaikata, mtu mzima karibu hatengenezi nyingine. Ndiyo sababu nang'ang'ania hatua ya agrekani, kabla mambo hayajafika huko.

Mwili wenyewe una kizuizi cha ADAMTS-5, protini iitwayo TIMP-3. Tatizo ni kwamba seli za gegedu huimeza TIMP-3 na kuisaga. Hapa ndipo heparini inapoingia, na hila yake ni ile ile ya kwenye damu. Kule mnyororo wake, nao wa sukari yenye salfeti, hushika kwa pamoja thrombini, kimeng'enya kinachogandisha damu, na antithrombini, protini inayokizima, na kasi ya kuizima thrombini hupanda takriban mara elfu. Kwenye gegedu mnyororo unakuwa mshenga kati ya TIMP-3 na ADAMTS-5: huku unamshika huyu, huku yule, na wakishakutana hawaachani kirahisi. Pentosani polisalfeti, inayotengenezwa kwa mti wa Ulaya na ambayo nguvu yake ya kuzuia damu kuganda ni ndogo sana kuliko ya heparini, hufanya ushenga huo na pia huzuia TIMP-3 isimezwe. Madaktari wa mifugo wanaitumia kwa farasi na mbwa wenye maungio mabovu.

Warfarini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, msiiweke kundi hili (naona watu wanazichanganya). Yenyewe huzuia kazi ya vitamini K, na protini ya MGP inayozuia chokaa kujijenga kwenye gegedu inaihitaji vitamini hiyo. Panya wasio na MGP, walioelezwa mwaka 1997, walijaa chokaa kwenye mishipa na kwenye gegedu.

Kumdunga mtu heparini kwa ajili ya goti mimi siungi mkono: atatoka damu, na ikitumika muda mrefu hudhoofisha mifupa. Pentosani nayo imehusishwa na madhara ya retina, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, kwa wanaoimeza miaka mingi. Lakini uwezo wa heparini kuzuia damu kuganda unategemea zaidi kipande cha sukari tano tu, ndicho antithrombini inachokishika. Kipande hicho kikiharibiwa, uwezo huo hupungua sana, lakini salfeti nyingine zinabaki, na mnyororo ukiwa mrefu wa kutosha bado unaweza kuwafikia TIMP-3 na ADAMTS-5 wote wawili.